Karakana Isifanywe Adhabu

Watoto walioingia Kidato cha Kwanza mwezi wa Januari 2024 katika mkondo wa amali ndio wa kwanza wa aina yao katika mpango mpya wa elimu, nao watafanya mtihani wa Kidato cha Nne mwishoni mwa mwaka 2027. Hao ndio watakaotuonyesha kama taifa lilisema kweli liliposema kwamba shule ya sekondari ya serikali yaweza kumtoa kijana ajuaye kalamu na randa kwa pamoja. Twaona yafaa jambo hili lizungumzwe sasa, maana likingojewa mpaka vyeti vitoke, lawama zitakuwa nyingi na msaada utakuwa mdogo.

Mambo yalivyo ni haya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma mwezi wa Februari 2025, imeigawa elimu ya sekondari katika njia mbili: mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Aliye katika amali hafungiwi mlango wa Kiingereza na Hisabati. Huyasoma hayo, na pamoja nayo hujifunza kazi iliyo na jina: uashi, useremala, umeme, ufundi wa magari, kuchomelea vyuma, ushonaji, kilimo na nyingine kama hizo. Sera hiyo hiyo imeifanya elimu ya lazima iwe ya miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa maneno mengine, kila mtoto wa nchi hii atapita sekondari, na wengi wao hawatakwenda chuo kikuu. Basi wakitoka Kidato cha Nne, watatoka na nini?

Neno lenyewe amali si la jana. Ndugu zetu wa Zanzibar wamelitumia siku nyingi kwa mafunzo ya kazi, wakati sisi wa Bara tulikuwa tukisema ufundi stadi. Ni neno zuri, na linawaweka pamoja mkulima, mshonaji na fundi wa umeme. Ila jina zuri halimwondolei mtu aibu ikiwa aibu imo ndani ya jambo.

Nayo aibu imo, tusidanganyane. Mzazi, awe mkulima wa Songea au karani wa Ilala, akiambiwa kwamba mwanawe amepangiwa amali, neno lake la kwanza huwa: "Kwani amefeli?" Wako viongozi wamlaumuo mzazi huyo kwa kasumba. Sisi hatumlaumu haraka hivyo. Swali lake lina asili yake, na asili hiyo ni ndefu kuliko umri wetu.

Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga katika miaka ya 1890, walitaka makarani na mafundi kwa pamoja. Kazi za mikono zilifundishwa shuleni hapo, na ni hapo Tanga lilipotoka gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, mwanzoni mwa karne ya 20. Sisi watu wa magazeti hatuwezi kulipita jambo hilo bila kusimama kidogo, kwa kuwa ufundi wa kuchapa ni mmoja wa mafundi waliotuzaa. Lakini tazama serikali ile iliwaweka wapi vijana wake. Aliyejua kuandika alipata kuwa karani au akida, akakaa kitini akihesabu kodi. Na aliyejua useremala ndiye aliyekichonga kiti. Watu waliona, na watoto wao waliona.

Waingereza walipokuja, walikuja na shauri lao. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, ikapendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ifuatane na maisha ya kijiji chake, yaani kilimo, afya na kazi za mikono. Shauri hilo likisomwa leo lina maneno mengi ya haki ndani yake. Kosa lake ni kwamba lilikuwa shauri la Mwafrika peke yake. Shule za Tanganyika zilikuwa zimetengwa kwa rangi, za Wazungu mbali, za Wahindi mbali na za Waafrika mbali, na utengano huo haukufutwa mpaka mwaka 1962. Mzazi aliyeona jembe kwa mwanawe na vitabu kwa mwana wa bwana mkubwa, alihitaji nani amfafanulie maana yake?

Katika miaka ya 1950 wakoloni walijenga shule za ufundi zenyewe. Ifunda ilisimamishwa mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili, Moshi ikafuata, na Dar es Salaam ikapata chuo chake cha ufundi mwaka 1957, ambacho leo twakiita DIT. Baada ya Uhuru, Ifunda na Moshi zikawa shule za sekondari za ufundi, na majina ya Tanga, Mtwara, Iyunga, Bwiru na Musoma yakaongezeka katika orodha. Wazee wengi waliotengeneza mitambo ya viwanda vyetu vya kwanza walipita katika shule hizo. Shule zenyewe zilikuwa chache mno. Ila hakuna aliyeuliza kama mwanafunzi wa Ifunda alikuwa amefeli, kwa sababu kila mtu alijua kwamba kuingia huko kulikuwa kugumu, na kwamba kutoka huko kulikuwa na kazi ya mshahara.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo tunalolisema. Heshima ya karakana ile haikuletwa na hotuba. Ililetwa na mashine zilizofanya kazi, walimu waliojua kazi, na mshahara uliongoja mlangoni.

Mwezi wa Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe jamii ifanyayo kazi na kula jasho lake, na alitaka elimu ya kila daraja ijitosheleze, isiwe ngazi tu ya kupandia darasa la juu. Hatujaona bado andiko lililotazama shule ya Kiafrika kwa jicho kali kuliko hilo. Lakini yatupasa tuseme pia yaliyotokea baadaye, kwa kuwa yaliyotokea yalikuwa mikononi mwetu sisi wenyewe. Katika shule nyingi shamba lilikuwa shamba tu: halikuwa na hesabu ya mbegu wala ya mavuno, na mwanafunzi hakuambiwa kwa nini mstari huu umeota na ule umekufa. Kisha likaja jambo baya zaidi. Mtoto akichelewa, jembe. Mtoto akipiga kelele, jembe. Aliyefanya vizuri alibaki kivulini na daftari lake, na aliyekosa alikwenda juani kulima. Tulimfundisha mtoto kwa miaka saba, siku baada ya siku, kwamba kazi ya mikono ndiyo malipo ya makosa. Halafu akiwa mtu mzima twashangaa kwamba haitaki. Ni nani mwenye kasumba hapo?

Katika miaka ya 1970 ikaja michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Kila shule ya sekondari ilipewa mchepuo wake. Mwaka 1985 wataalamu wawili, Psacharopoulos na Loxley, walitoa kitabu cha Benki ya Dunia juu ya mpango wa namna hiyo katika nchi mbili, Colombia na Tanzania. Walisema kwamba masomo hayo hugharimu zaidi kuliko masomo ya kawaida, na kwamba waliyoyasoma hawakuonekana kupata kazi kwa wepesi kuliko wenzao. Kitabu hicho kilitumiwa sana na wale waliotaka serikali za Afrika ziyaache mambo ya karakana kabisa. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1965, mtaalamu aitwaye Philip Foster alikuwa ameandika juu ya Ghana kwamba vijana hawakimbii ufundi kwa ujinga. Wanatazama kazi za ofisini zinalipa nini na ufundi unalipa nini, kisha wanachagua. Shule, alisema, haiwezi kuligeuza jambo hilo peke yake.

Wapo kati yetu wasiopenda kusikia majina hayo. Sisi twaona Foster alisema kweli katika hilo, na kweli yake yawahusu wafanyakazi kuliko mtu mwingine yeyote. Kijana asomi hotuba. Asoma hati ya mshahara ya mjomba wake. Ikiwa mjomba ni fundi umeme aliyefanya kazi miaka 15 kwa mkandarasi bila mkataba, akilipwa kwa siku, bila jina lake katika NSSF, na alipoanguka kutoka juu ya ngazi akachangiwa na majirani, basi mkondo wa amali umekwisha kuhukumiwa nyumbani kabla mwalimu hajafungua mdomo. Twataka chama na vyama vya wafanyakazi viyachukue mambo haya mawili kama jambo moja. Mkataba wa fundi wa leo ndio mtaala wa fundi wa kesho.

Na kuhusu kitabu cha Benki ya Dunia, twakubali fundisho lake moja, nalo ni la gharama. Mchepuo ulikuwa somo mojawapo katika kundi la masomo mengi, na karakana yake mara nyingi ilikuwa na njaa. Kwa kumlisha mtu nusu tumbo huwezi kuthibitisha kwamba chakula hakina faida.

Hebu tuitazame njaa hiyo kwa karibu. Jengo la karakana hujengwa mara moja, likazinduliwa, likapigwa picha. Mbao huliwa kila juma. Mtoto hawezi kujifunza kupiga randa kwa kutazama randa. Lazima aiharibu mbao ya kwanza, na ya pili, na labda ya tano, ndipo mkono wake ujue kina cha ulimi wa randa na njia ya nyuzi za mti. Kuchomelea vyuma nako kunakula vijiti, na kunakula umeme. Uashi unakula saruji, ingawa mwalimu mwerevu huchanganya chokaa na mchanga, ukuta ukajengwa asubuhi na kubomolewa jioni, matofali yakatumika tena. Wanafunzi 40 hawawezi kujifunza kwa mashine moja ya kukerezea. Wawili watashika na 38 watatazama, na hao 38 mwalimu atawapa mchoro wa mashine wauchore. Wakifanya mtihani watautaja kila mguu wa mashine ile, wala hawajapata kuiwasha.

Twaijua shule moja, ambayo hatutaitaja, iliyopokea mashine nzuri sana za mbao. Tulipofika kuitembelea, mashine zilikuwa bado zimevikwa karatasi zao za safari. Umeme wa njia tatu ulikuwa haujavutwa, na mwalimu aliyezijua alikuwa amehamishwa. Mwalimu mkuu alitafuta ufunguo kwa nusu saa. Hatusemi shule zote ziko hivyo. Twasema tu kwamba bajeti inayonunua mashine bila kununua waya, mbao na mtu, imenunua samani.

Habari ya mtu ndiyo ngumu kuliko zote. Mwalimu wa amali hana budi awe watu wawili ndani ya mwili mmoja, fundi na mwalimu, na vyuo vyetu kwa miaka mingi vilimtoa mmoja mmoja. Ufundi ulikuwa umepelekwa VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na sekondari, isipokuwa zile chache za ufundi, zikabaki na vitabu. Ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004, shule za kata zilijengwa kwa nguvu za wananchi kwa wingi ambao haukupata kuonekana, jambo ambalo twalisifu mpaka leo. Lakini katika nyingi ya hizo karakana haikufikiriwa. Hata maabara zilikuja baadaye, kwa michango, na zipo zilizokaa maboma mpaka nyasi zikaota ndani.

Lakini mafundi tunao. Wako Gerezani, wako Keko, wako katika kila gereji na kila kibanda cha seremala kando ya barabara. Mtu aliyefungua injini kwa miaka 20 ana elimu, ijapokuwa hana karatasi. VETA imekuwa na utaratibu wa kumpima fundi wa namna hiyo na kumpa cheti cha ujuzi alioupata nje ya darasa, na ni utaratibu mzuri. Twapendekeza uendelee hatua moja mbele: fundi aliyepimwa hivyo, akapewa mafunzo mafupi ya namna ya kusimama mbele ya watoto, aruhusiwe kufundisha katika shule ya kata yake siku mbili tatu za juma, na alipwe kama mfanyakazi, si kama mgeni aliyeitwa kusaidia. Twajua wapo watakaosema kwamba hajui saikolojia ya mtoto. Huenda. Lakini mwanagenzi wa mtaani amefundishwa na nani miaka yote hii?

Majirani zetu wa Kenya walilijaribu jambo la kazi za mikono kwa upana kuliko sisi. Mfumo wao wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliingiza masomo ya ufundi na kilimo katika kila shule, na wazazi wakaambiwa wajenge karakana kwa harambee. Waliokuwa nazo walijenga, wasiokuwa nazo watoto wao walisoma ufundi ubaoni. Mtaala ulipopunguzwa mwaka 2002, mengi ya masomo hayo yaliondolewa. Si kwamba wazo lilikuwa bovu. Mzigo uliwekwa juu ya mabega yasiyolingana.

Hapo twafika kwenye fedha, na wafanyakazi watuvumilie, kwa sababu fedha hizi zinatoka mahali wanapozalisha wao. Kila mwajiri anayehusika na sheria hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo tangu Julai 2023 ni 3.5 kwa mia ya mishahara anayolipa. Tozo hiyo ina jina la ujuzi. Lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa yake haikufika katika vyuo vya ufundi. Ilikwenda katika mahitaji mengine, na mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu ikatajwa miongoni mwayo. Hatuwaonei wivu vijana wa vyuo vikuu. Nao ni watoto wetu. Ila twauliza, na twataraji Bunge liulize: kwa nini mfuko wenye jina la fundi umsomeshe wakili kwanza? Sehemu ya tozo hiyo ikiandikwa waziwazi kuwa ya mbao, waya na vijiti vya kuchomelea katika sekondari za amali, mwalimu mkuu hatalazimika kumchangisha mkulima wa mihogo.

Waajiri nao, wakiwamo wa mashirika ya umma, wana deni jingine. Reli ya kisasa iliyozinduliwa Agosti 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma yaendeshwa kwa umeme. Waya zilizo juu ya reli ile zitahitaji mikono kwa miaka mingi ijayo, na treni zake zitahitaji watu wa kulala chini yake na taa na spana. Je, vijana wa Morogoro na Dodoma walio katika amali wamepata kuingia katika karakana ile, hata kwa siku 30 za likizo? Mwanafunzi akikaa mwezi mmoja kwenye karakana halisi, akarudi shuleni na mafuta kwenye kucha, mwalimu wake hahitaji kumhubiria tena habari za heshima ya kazi.

Neno juu ya wasichana, na tutakuwa wafupi kwa sababu halina ubishi. Wakati wa michepuo, sayansikimu ilikuwa ndiyo njia ya wasichana, na yeyote aliyetaka umeme alionekana wa ajabu. Twasikia dalili kwamba mazoea hayo yanarudi, ushonaji na mapishi kwa wasichana, vyuma na waya kwa wavulana. Waya haujui ni nani anayeushika.

Jambo la mwisho ndilo linalotutia wasiwasi zaidi, na twaomba kila katibu wa tawi aliandike. Kwa kuwa elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, mwaka 2027 watamaliza kwa pamoja watoto wa darasa la sita na wale wa mwisho wa darasa la saba, na Januari 2028 makundi hayo mawili yatabisha hodi Kidato cha Kwanza siku moja. Vyumba vitatafutwa. Na katika shule nyingi chumba kikubwa kuliko vyote, chenye paa zuri na sakafu ya saruji, ni karakana. Itaonekana ni jambo la busara, la muda mfupi tu, kuzisogeza mashine pembeni na kuingiza madawati. Twayajua mambo ya muda mfupi. Kamati za shule, madiwani na wakuu wa wilaya waanze kujenga madarasa ya mwaka huo sasa, matofali yafyatuliwe sasa, ili asiwepo wa kusema Desemba 2027 kwamba hapakuwa na njia nyingine. Na idadi itakapokuwa kubwa hivyo, wasiichukue alama ya mtihani wa msingi kama kisu, wa juu huku na wa chini amali. Mtoto aulizwe anapenda nini, mzazi aitwe aonyeshwe karakana ikiwa imefunguliwa na inafanya kazi, na wale wenye alama za juu kabisa wanaoomba umeme au mitambo wapewe nafasi hizo mbele ya macho ya shule nzima.